Makosa Niliyoyala: Mwongozo Kamili wa Kuoka Mkate Nyumbani

Mkate wangu wa kwanza niliuoka kwa kufuata maelekezo yote isipokuwa moja. Yalisema maji yawe vuguvugu. Mimi nikaona kama vuguvugu linafaa, basi moto utafaa zaidi, nikamimina maji yaliyotoka kuchemka juu ya hamira. Nikakanda, nikafunika, nikangoja. Saa nzima baadaye donge lilikuwa vile vile nilivyoliacha, limetulia kama jiwe la kusagia. Nikalioka hivyo hivyo kwa ukaidi. Kisu kiligoma kupita. Tuliula mkate ule kwa kuuchovya kwenye chai, na hata chai ilichukua muda kuulainisha.

Baada ya huo nimeharibu mikate mingine mingi. Nikiipanga yote kichwani, naona karibu kila mkosi ulitokana na ama joto ama haraka yangu. Kwa hiyo hapa nitakaa sana kwenye kupima joto na kungoja, na nitapita upesi pasipo na matatizo.

Mahitaji ya mkate mmoja

Hiki ni kipimo cha mkate mweupe wa kawaida, unaoingia kwenye tini yenye urefu wa sentimita 23 hivi na upana wa sentimita 13:

Unga mweupe wa ngano, gramu 500
Maji, gramu 325 (sawa na mililita 325)
Chumvi, gramu 10
Hamira kavu, gramu 5
Sukari, gramu 15
Siagi au mafuta, gramu 20

Nunua mizani ya jikoni kabla ya kitu kingine chochote. Kikombe cha unga kinadanganya: ukiuchota na kuushindilia unapata uzito mmoja, ukiumwaga kwa kijiko bila kuushindilia unapata mwingine, na tofauti inaweza kufika gramu 30 kwa kikombe kimoja. Kwa vikombe vinne huo si mchezo. Kama mizani bado hujaipata, hamira ni kijiko cha chai kimoja na nusu, na chumvi ni vijiko viwili vya chai visivyojaa sana. Vijiko vya chai, tafadhali. Niliwahi kutumia kijiko cha mezani kwa chumvi, na hakuna kilichofanyika baadaye kilichoweza kuuokoa mkate ule.

Waokaji wa kazi hawakariri vipimo hivi. Wanauita unga 100, kisha wanahesabu vingine kwa kuulinganisha nao: maji 65, chumvi 2, hamira 1. Ukilishika hilo, unaweza kuoka kwa gramu 300 za unga au kilo tatu bila kumuuliza mtu. Pia utakuwa umepata njia ya kukagua maelekezo ya watu wengine. Ukiona mahali wameandika chumvi gramu 25 kwa unga gramu 500, jua kuna aliyekosea kuandika.

Kuhusu unga, tazama kiasi cha protini kilichoandikwa kwenye pakiti. Protini ya ngano ikikutana na maji hutengeneza gluteni, yaani nyuzinyuzi zinazovutika na kuishika hewa ndani. Unga wenye gramu 11 hadi 13 za protini katika kila gramu 100 unafaa sana kwa mkate. Wenye 9 unafaa zaidi kwa keki. Mkate utatoka, ila utakuwa mfupi. Usinunue unga uliotiwa tayari baking powder, kwani huo ni wa kazi nyingine.

Hamira: mjue unayeishi naye

Hamira ni kiumbe hai. Mwanasayansi Mfaransa Louis Pasteur alionyesha katika miaka ya 1850 kwamba kuchacha ni kazi ya viumbe hivi vidogo wanapokula sukari. Wanakula, wanatoa hewa ya kaboni dioksaidi pamoja na alkoholi, na hewa hiyo ndiyo inayoinua donge lako. Kwenye baridi wanasinzia. Kati ya nyuzi 25 na 35 za Selsiasi wanafanya kazi kwa furaha. Ukikaribia nyuzi 60 wanakufa, na ndiyo maana yale maji yangu yaliyochemka yaliwamaliza wote kabla sijaanza kukanda.

Kama huna kipimajoto, tia kidole kwenye maji. Yakiwa sawa hutayahisi kuwa ya moto wala ya baridi. Ukihisi joto linalopendeza, kama la maji ya kuoga, yameshazidi kidogo.

Ila kwenye chumba chenye joto kali hata maji vuguvugu yanaweza kuwa kosa. Lengo ni donge lenyewe liwe na nyuzi 26 hivi likimaliza kukandwa. Hesabu yake ni nyepesi: zidisha 26 kwa mbili, upate 52, kisha toa joto la unga wako, ambalo kwa kawaida ni sawa na joto la chumba. Unga ukiwa na nyuzi 30, maji yawe na 22, yaani ya baridi kidogo. Unga ukiwa na nyuzi 18, maji yawe na 34. Nilipoanza kufanya hesabu hii ndipo mikate yangu ilipoacha kuwa tofauti kila wiki.

Hamira kavu zipo za aina mbili. Ile yenye chembe kubwa kidogo huyeyushwa kwanza kwenye maji. Ile ya chembe ndogo sana huchanganywa na unga moja kwa moja. Pakiti itakwambia. Kwa vyovyote, hamira iliyokaa kabatini miezi mingi ipimwe kwanza: chukua nusu kikombe cha maji vuguvugu, tia nusu kijiko cha chai cha sukari na kijiko kimoja cha chai cha hamira, koroga, ngoja dakika 10. Ikiwa hai itatoa povu zito juu na harufu ya kuchacha. Ikiwa imekufa utaona maji ya rangi ya udongo na chembe zilizozama chini, nawe utakuwa umeokoa unga wako. (Maji ya jaribio yahesabu ndani ya zile gramu 325, na hamira ya jaribio ndani ya zile gramu 5. Mimi sikuhesabu mara ya kwanza, nikabaki nashangaa kwa nini donge limekuwa uji.)

Kuchanganya na kukanda

Weka unga kwenye bakuli kubwa. Tia hamira upande mmoja, chumvi na sukari upande wa pili, halafu changanya vikiwa vikavu. Mimina maji na siagi iliyolainika. Koroga kwa mkono mmoja tu, ule mwingine ubaki msafi, maana simu italia. Usipoona tena unga mkavu, simama. Funika bakuli, ondoka kwa dakika 20.

Mapumziko haya yanafanya kazi kubwa kuliko yanavyoonekana. Unga unakunywa maji na gluteni inaanza kujisuka yenyewe bila jasho lako. Raymond Calvel, mwalimu wa waokaji nchini Ufaransa, aliueneza utaratibu wa namna hii katika miaka ya 1970, yeye akiiacha chumvi na hamira nje mpaka mapumziko yaishe. Nyumbani sioni haja ya kujisumbua kiasi hicho.

Sasa kanda. Donge litoe mezani, lisukume mbele kwa kisigino cha kiganja, likunje lirudi kwako, lizungushe robo, rudia. Dakika mbili za kwanza linanata vidoleni na mezani, na mtu anashawishika kunyunyiza unga. Hapa ndipo wengi wetu tunapouharibu mkate bila kujua. Konzi moja ya unga ina uzito wa gramu 30 hivi. Nyunyiza mara tatu na unga wako si 500 tena, ni 590, na maji yameshuka kutoka 65 hadi 55 kwa kila 100. Mkate wa hivyo ni mkavu na umebanana, na kesho yake unamong'onyoka. Niliula mkate wa namna hiyo miezi kadhaa nikiamini kwamba tatizo ni oveni.

Vumilia. Lowesha viganja kwa maji kidogo, au pangusa meza kwa mafuta. Ikifika dakika ya nne donge linaanza kuachana na meza. Dakika ya sita uso wake bado una mikwaruzo, ukilivuta linakatika. Kati ya dakika ya nane na ya 12 linageuka: linakuwa nyororo, ukilibonyeza linarudi, na ukilishika ni laini kama ndewe la sikio. Chukua kipande kidogo ukitanue taratibu kwa vidole vya mikono miwili kuelekea dirishani. Kikitanuka hadi mwanga ukapita bila kuchanika, umemaliza. Kikichanika mapema, kanda dakika mbili zaidi na ujaribu tena. Kwa mikono ni vigumu sana kukanda kupita kiasi. Mkono utachoka kabla.

Kuhusu chumvi: mbali na ladha, hukaza gluteni na kuipunguza hamira mwendo. Siku niliyoisahau, donge liliumuka kwa kasi ya ajabu, nikajisifu kwamba leo mkono wangu umekubali. Lilikuwa likinata kuliko kawaida, nikapuuza. Mkate ulitoka na ganda lililofifia, maana hamira ilikuwa imekula sukari nyingi ambayo ingelipa ganda rangi. Ladha yake ilikuwa kama karatasi. Ukikumbuka kabla ya kuoka, bado hujachelewa: yeyusha chumvi kwenye kijiko cha maji, ipake juu ya donge, kanda mpaka iingie. Litateleza vibaya kwa dakika moja au mbili kisha litashikana.

Kuumuka kwa mara ya kwanza

Lifanye donge duara, lipake mafuta kidogo, liweke kwenye bakuli, lifunike. Plastiki au sahani kubwa inafaa kuliko kitambaa kikavu, ambacho hunata juu ya donge na kulichuna likiwa limeshapanda.

Maelekezo mengi yanasema saa moja. Saa hiyo ni ya chumba cha aliyeandika. Kwenye nyuzi 27 saa moja inatosha. Kwenye nyuzi 20 linaweza kuchukua saa moja na nusu hadi mbili. Kwenye friji litachukua usiku mzima, na kwa kweli litatoka na ladha nzuri zaidi. Unachotafuta ni donge liwe mara mbili ya lilivyokuwa. Kwenye bakuli lililopanuka juu jicho linadanganyika, kwa hiyo mimi nafanya hivi: nakata kipande cha donge ukubwa wa ndimu, nakibonyeza ndani ya glasi iliyonyooka, nachora mstari kwa kalamu pale kilipofikia na mstari wa pili kwenye kimo mara mbili. Glasi naiweka kando ya bakuli. Kipande kikigusa mstari wa juu, donge limefika. Narudisha kipande ndani naendelea.

Kuunda, na kuumuka kwa mara ya pili

Pindulia donge mezani. Libonyeze kwa viganja mpaka mapovu makubwa yatoke, lakini usilipige kama una ugomvi nalo. Litandaze liwe mstatili ambao upana wake unalingana na urefu wa tini. Kunja theluthi ya juu ije katikati, bonyeza, kisha livingirishe kuelekea kwako ukilikaza kila mzunguko kwa vidole gumba. Mwisho wake finya mshono vizuri. Liweke kwenye tini iliyopakwa siagi, mshono ukiangalia chini. Niliwahi kuuweka ubavuni kwa uzembe, na mkate ukafumuka hapo hapo ukatoa kitu kama mdomo.

Kuumuka huku kwa pili ni kufupi kuliko kwa kwanza, mara nyingi dakika 35 hadi 60, na ndiko kunakotaka macho zaidi. Washa oveni mapema, donge likiwa limefika nusu ya safari, maana isipokuwa tayari utalazimika kungoja nayo huku donge linaendelea kupanda. Bonyeza ubavu wa donge kwa kidole chenye unga kina cha kucha moja:

Likirudi haraka na shimo kufutika kabisa, bado. Ukilioka sasa litapasuka ubavuni.

Likirudi taratibu na kuacha alama ndogo, tia kwenye oveni.

Lisiporudi kabisa, na ngozi ikalegea na kutoa pumzi, limepitiliza.

Mimi kosa langu ni hilo la tatu. Nilijilaza kidogo tu. Nilipoamka donge lilikuwa limepanda juu ya tini kama uyoga, zuri ajabu, nikalibeba kwa madaha kulitia ndani. Mlango wa oveni ulipogonga kidogo tu, likakaa chini mbele ya macho yangu, na katikati likabaki bonde. Leo ningejua la kufanya. Donge lililopitiliza lakini halijaingia kwenye moto linaokoleka: litoe, litoe hewa yote, liunde upya, lirudishe kwenye tini, na ulitazame kwa karibu, maana safari hii litapanda haraka zaidi. Ladha itakuwa na uchachu kidogo. Hakuna atakayelalamika.

Moto

Oveni iwake dakika 20 hadi 30 kabla, kwenye nyuzi 220. Taa ikizimika mapema usiiamini. Hewa imepata joto lakini kuta bado. Oka dakika 10 kwenye nyuzi 220, kisha shusha hadi 190 na uendelee dakika 25 hivi. Zile dakika 10 za mwanzo ndizo mkate unapopanda kwa mara ya mwisho: hewa inatanuka, hamira inakimbia mbio zake za mwisho kabla ya kufa, kisha wanga unaganda na umbo linabaki hapo. Ukifungua mlango kuchungulia unaikatiza kazi hiyo. Kaa mbali.

Rangi ya ganda na ile harufu inayowaita watu jikoni inatokana na sukari na protini kuungana kwenye moto mkali. Mkemia Mfaransa Louis-Camille Maillard alilieleza jambo hilo mwaka 1912. Maana yake kwako: mkate uliofifia haujakosa rangi tu, umekosa na ladha. Usiogope kahawia iliyokolea.

Oveni nyingi za nyumbani zinasema joto lisilo la kweli. Ya kwangu niliyokuwa nayo zamani ilizidi nyuzi 30 juu ya ilichoonyesha. Kila mkate uliungua utosini ukabaki mbichi tumboni, nami nikawa napunguza dakika, jambo lililouzidishia ubichi. Kipimajoto kidogo cha kutundika ndani ndicho kilichofichua. Kama juu kunakimbia kuliko ndani, funika kwa karatasi ya aluminiamu baada ya dakika 20 na ushushe tini ngazi moja.

Mkate umeiva wakati katikati yake pamefika nyuzi 93 hadi 96. Bila kipimajoto, utoe kwenye tini ugonge chini kwa vidole: ulioiva unalia kama ngoma, mbichi unatoa mlio mfu. Ukiwa na shaka, urudishe bila tini kwa dakika tano. Dakika tano za ziada hazijawahi kuniharibia mkate.

Usiye na oveni unaweza kutumia sufuria nzito yenye mfuniko unaoziba. Weka kibati au vijiwe chini ili tini isiguse moto moja kwa moja, ipashe sufuria kwanza, oka kwa moto mdogo usioyumba. Chini kutawahi na juu kutabaki peupe, hivyo ukikaribia kuiva geuza mkate dakika chache.

Baada ya kutoka

Utoe kwenye tini mara moja, la sivyo mvuke utaulowesha chini. Uweke juu ya wavu. Sasa ngoja saa moja.

Najua. Mimi pia nilikata wa moto, na kisu kikatoka na utandu kama wa gundi, vipande vikabonyea vikashikana. Nikadhani haujaiva, nikaoka unaofuata mpaka ukawa mkavu. Kumbe ndani wanga ulikuwa haujatulia na mvuke ulikuwa bado unatafuta njia ya kutoka.

Usiuweke kwenye friji. Baridi ile huufanya mkate ukakamae upesi kuliko kabatini. Uliobaki baada ya siku mbili ukate slesi uugandishe, kisha uutoe kipande kwa kipande kwenda kwenye kikaango. Ulioshindikana kabisa ukaushe uusage: chenga zake ni nzuri kwa kukaangia.

Daftari

Daftari langu lina madoa ya siagi, na ukurasa wa kawaida unasomeka hivi: "Unga 500, maji 325, hamira 5. Chumba 29. Maji 24. Kuumuka 1: dk 50. Kuumuka 2: dk 45, kidole hakikurudi. Umeinama katikati. Kesho: ya 2 iwe dk 35." Mistari hiyo imenifunza kuliko video zote nilizotazama. Ila badilisha jambo moja tu kwa mkate mmoja. Niliwahi kubadilisha unga, hamira na joto la oveni kwa pamoja, mkate ukatoka mzuri kuliko yote, na mpaka leo sijaweza kuurudia.

Ukishaoka mitano inayofanana, anza kuchezea. Badilisha gramu 100 za unga mweupe kwa unga wa ngano usiokobolewa na uongeze maji mililita 15, maana pumba hunywa zaidi. Donge litakuwa zito kidogo na halitapanda kama ulivyozoea, kwa hiyo mstari wa juu kwenye glasi uchore chini kidogo ya mara mbili.